Vifaru vya mezani: kupaka rangi na kurekebisha modeli za kijeshi ukiwa Tanga

Mkonge Mweupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Tanga mjini, Ngamiani. Tuko watu watano, kila Jumapili tunakutana barazani kwa jamaa yetu kucheza vita vya mezani. Uwanja ni pleiwudi moja nzima ya futi nane kwa nne, dadu sita, tepu ya fundi cherehani ya kupimia mwendo, na magari ya kijeshi ya plastiki ya skeli ya 1/72, yaani gari halisi limepunguzwa mara 72. Mke wa jamaa anaita "mchezo wa wazee wasiotaka kukua". Hatumbishii, chai yenyewe anatupikia yeye.

Uzi huu nauanzisha kwa sababu moja. Ukitafuta mtandaoni namna ya kupaka rangi modeli hizi, unakutana na Mzungu kakaa kwenye chumba kikavu kama Dodoma mwezi wa tisa, nyuma yake chupa themanini za rangi, anakwambia nunua hiki, kisha kile. Ukifuata alichosema, hapa pwani kinakugeuka. Niliharibu modeli tatu kabla sijaelewa kwamba mkono wangu hauna tatizo, tatizo ni hewa ya Tanga. Kwa hiyo naandika ninavyofanya mimi, kwa vitu vinavyopatikana Mgandini na madukani hapa. Mwenye zaidi aongeze.

Tunachocheza ni Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Upande wetu kuna vifaru vya Kichina Type 59. Upande wa Amin kuna T-55, Sherman kuukuu alizopata kutoka Israeli, na magari ya deraya ya matairi manane, OT-64. Walibya waliokuja kumsaidia walileta T-55 na Katyusha za kurusha roketi. Uzuri wa vita hii kwa mchezaji mwenye mfuko mwembamba ni kwamba Type 59 ni nakala ya T-54A ya Kirusi, na T-54 na T-55 ni ndugu wa tumbo moja. Boksi la aina moja linakupa pande zote mbili, mradi ujue pa kukwangua na pa kubandika.

Pa kubandika ni hapa. Juu ya kichwa cha T-54 na Type 59, ile sehemu inayozunguka yenye mtutu, mbele ya mfuniko wa mpakia risasi upande wa kulia, kuna kifuniko cha feni kimevimba kama uyoga. T-55 hana. Kwa hiyo modeli zangu za T-55 zinageuka Type 59 kwa nusu punje ya choroko iliyopasuliwa. Sitanii. Kwa 1/72 inakaa pale pale. Ila izamishe kwanza kwenye supa gluu iive kama jiwe, maana ya kwanza niliyobandika kavu ilitobolewa na bungua.

Kabla ya rangi yoyote, osha modeli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Plastiki inatoka kiwandani na mafuta mafuta, rangi inateleza. Ikikauka usiishike tena kwa vidole vilivyotoka kula samaki wa kukaanga.

Sasa hewa. Mwaka juzi masika imekolea, nikapulizia vanishi isiyong'aa uani saa kumi na mbili jioni. Asubuhi nakuta vifaru vitatu vyeupe kama vimepakwa unga wa muhogo. Ule ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Nilikaribia kulia. Dawa yake niliipata kwa bahati: nilivipaka vanishi ya kung'aa kwa brashi, ukungu ukapotea nikiuona kwa macho, halafu siku ya jua nikarudia ile isiyong'aa, tabaka jembamba. Tangu hapo sipulizi kitu kabla ya saa nne asubuhi, umande uwe umeisha, wala sipulizi mvua ikiwa imenyesha muda si mrefu. Wakati wa kusi napulizia ndani ya boksi la katoni lililolazwa ubavu, la sivyo nusu ya rangi inaenda kwa jirani.

Supa gluu nayo inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewani. Yule wa video anakwambia una muda wa kurekebisha. Tanga huna. Ukibandika mtutu umepinda, umepinda.

Nitaendelea kesho, simu inaisha chaji.

Jicho la Pweza

Nimeweka kambi. Picha mkuu, uzi bila picha ni pilau bila nyama.

Mlinzi wa Zamu

Swali la kizalendo. Hutakamatwa na vifaa vya jeshi nyumbani?

Mkonge Mweupe

@Mlinzi wa Zamu, kilichokatazwa raia ni kuvaa sare za jeshi. Kifaru cha sentimita 9 hata paka wangu hawezi kukivaa.

@Jicho la Pweza, picha kesho mchana, taa ya barazani inafanya kila kitu kiwe cha manjano.

Fundi Sprei

Mimi napiga rangi magari na bodaboda, gereji yangu ipo Makorora. Kuna kijana aliniletea kifaru cha plastiki nimpigie "praima kali ya gari ishike vizuri". Nikampigia. Ndani ya dakika mbili ubavu umekunjamana kama ngozi ya mzee. Tina iliyomo kwenye praima ya gari inakula plastiki laini, wakuu. Bampa ya gari ni plastiki nyingine kabisa, inavumilia. Hii ya modeli inalainika. Nilimlipa kijana hela yake, na somo nililipia mimi.

Kama huna praima ya modeli, tumia ya makopo ya kupuliza iliyoandikwa inafaa plastiki, na jaribu kwanza kwenye ile fremu inayoshika vipande. Fremu ni plastiki ile ile. Ikikunjamana fremu, umepona.

Binti Chumbageni

Naongezea kwa @Fundi Sprei: na dada zangu mkiona brashi ya rangi ya kucha ni nzuri kwa vitu vidogo, ni kweli, mimi ninayo, ila ile dawa ya kutolea rangi ya kucha isikaribie meza. Ina asetoni. Niliiosha brashi kwayo, nikaipitisha kwenye kichwa cha OT-64 bado ina unyevu, bunduki ikalala kama mshumaa.

Kuhusu kutu na rangi iliyobanduka, njia yangu ni chumvi. Unapaka kwanza rangi ya kutu, kahawia yenye wekundu. Ikikauka unaifunika na vanishi. Unalowesha kidogo kwa brashi pale unapotaka rangi ibanduke, unanyunyiza chumvi ya mawe iliyopondwa kidogo, isiwe laini ya mezani, punje ziwe kubwa na ndogo. Iache ikauke. Unapuliza rangi ya kijani juu yake. Halafu unasugua taratibu kwa mswaki na maji, chumvi inatoka na kijani chake, kutu inachungulia. Hakuna brashi inayoweza kuchora umbo lile, kwa sababu chumvi haifikirii. Mkono wa mtu ukichora makovu unayapanga bila kujua, moja hapa moja pale, kama maua ya kanga.

Lakini suuza hasa. Suuza mara tatu. Chumvi ikibaki kwenye kona inavuta unyevu, na baada ya wiki utaona modeli inatoa jasho.

Mkonge Mweupe

Dada, "chumvi haifikirii" nimeiandika ukutani.

Naendelea. Rangi ya mwili wa kifaru: nachanganya kijani iliyokolea sehemu tatu, kahawia sehemu moja, tone la njano. Akriliki, inayochanganyika na maji. Tabaka mbili nyembamba, si moja nzito. Rangi nzito inaziba misumari na mistari, na kwa ukubwa huu msumari ni nukta tu, ukiuziba umekwisha.

Kisha naweka kile sisi tunakiita maji ya tope: rangi nyeusi iliyochanganywa na maji mengi na tone la sabuni ya vyombo ili isambae. Inatiririka kwenye mifereji, kivuli kinajitengeneza chenyewe. Baada ya hapo brashi kavu: unachovya brashi kuukuu kwenye rangi iliyopauka, unaifuta kwenye gazeti mpaka ukidhani imeisha, ndipo unapitisha juu ya kingo.

Kubanduka kwa rangi kwenye milango na ngazi natumia kipande cha sponji ya godoro. Kingo za chuma ninazisugua kwa penseli ya 2B. Risasi ya penseli inang'aa kama chuma kilichosuguliwa, kuliko rangi ya fedha yoyote. Minyororo yote naimaliza hivyo.

Baharia wa Kaole

Salamu kutoka Bagamoyo. Uzi mzuri, lakini mjomba, hapo kwenye maji meusi sikubaliani nawe hata kidogo.

Mimi nachora, nimekulia kwenye mji wa wachoraji, vijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa, ndio jirani zangu. Nyeusi tupu inaua kijani. Chukua kahawia iliyokolea, changanya na bluu kidogo, utapata giza lenye uhai. Kivuli chini ya mwembe saa saba mchana hakiwi cheusi, nenda kakiangalie.

Jambo la pili. Ukipaka modeli rangi ile ile hasa ya gari halisi, itaonekana nyeusi mno. Jahazi likiwa ufukweni tanga lake ni jeupe, likiwa upeo wa macho limekuwa kijivu cha samawati, hewa imeingia katikati. Modeli ya sentimita 9 ukiiangalia mezani ni kama unaangalia kifaru kutoka mbali. Lazima ipauke. Mimi naongeza nyeupe kidogo yenye umanjano kwenye rangi ya mwisho, hasa sehemu za juu zinazopigwa na jua: mgongo wa kichwa, mifuniko, madigadi.

Mkonge Mweupe

@Baharia wa Kaole, nimejaribu kahawia na bluu kwenye kimoja usiku huu. Sitaki kusema umeshinda. Nasema tu kwamba vingine vinne navirudia.

Jicho la Pweza

Mimi mgeni. Naona sokoni kuna modeli za T-54, T-55, T-62, zote naona ni sufuria lililofunikwa. Mtu anajuaje?

Mkonge Mweupe

Angalia miguu. Vyote vina magurudumu matano kila upande. T-54 na T-55 wana nafasi kubwa kati ya gurudumu la kwanza na la pili, mengine yamebanana. T-62 ni kinyume, mbele yamebanana, nafasi zinaongezeka kwenda nyuma. Halafu T-54 na T-55 unawatofautisha kwa ule uyoga wa choroko nilioueleza. Na T-55 za mwanzo zilitoka bila ile bunduki ya 12.7 juu ya mfuniko, ambayo T-54 na Type 59 wanayo. Bunduki yenyewe nachonga kwa pini na kipande cha fremu.

Kosa ninaloliona sana kwa wanaoanza ni minyororo. Hawa hawana vigurudumu vya juu vya kuibeba. Kwa hiyo mnyororo wa juu unalala juu ya magurudumu, unakuwa na mawimbi kama kamba ya kuanikia nguo. Ule wa plastiki ukiuweka unakaa umenyooka kama rula. Mimi nauvuta chini kwa kijiti cha meno, naweka tone la supa gluu juu ya kila gurudumu, nahesabu mpaka kumi. Kazi ya robo saa, na modeli nzima inapata uzito. Bila hivyo kifaru kinaonekana kinaelea.

Ukubwa: Type 59 bila mtutu ni mita sita na kidogo. Kwa 1/72 ni karibu sentimita 9, kwa 1/100 ni sita na kidogo, kwa 1/285 ni kama punje kubwa ya haragwe. Wenye 1/285 wanapanga kikosi kizima kwenye sinia la chai, nawaonea wivu, ila macho yangu yamekataa.

Baharia wa Kaole

Tukiwa kwenye ukubwa, niwape na yangu. Mimi sichezi Kagera, nacheza Chad 1987, ile waliyoiita vita vya Toyota. Wachad walikuwa na Land Cruiser za wazi na makombora ya MILAN ya kulipua vifaru, wakawakimbiza Walibya wenye vifaru. Kwa sisi wa kujitengenezea ni neema, kwa sababu vigari vya kuchezea vya Land Cruiser vinauzwa kila duka.

Lakini nendeni na rula. Vigari vile vinatengenezwa vitoshe kwenye pakiti, skeli ni bahati nasibu. Land Cruiser halisi ina upana wa kama mita 1.7, kwa 1/72 inatakiwa iwe milimita 23 na nusu. Nilinunua sita bila kupima, zote zina milimita 27 na zaidi, ukiweka mwanajeshi kando anaonekana mtoto wa chekechea. Nikakata paa, nikang'oa vioo, nikajaza nyuma na mizigo: madumu ya vipande vya fremu, mablanketi ya karatasi ya chooni iliyoloweshwa gundi nyeupe, magunia. Mzigo ukiwa mwingi jicho linasahau upana.

Mkonge Mweupe

Karatasi ya chooni na gundi nyeupe, naungana nawe. Ikikauka ina mikunjo ya turubai hasa. Vyandarua vya kujificha natumia bandeji ya hospitali, ile gozi nyembamba, naichovya kwenye gundi yenye rangi ya kijani, juu nanyunyiza majani ya chai yaliyokwisha chemshwa na kukaushwa. Antena ni nywele za brashi ya nguo ya nailoni. Usiweke waya. Mchezaji mwenzio akiinama kuangalia shabaha, antena ya waya inamwingia jichoni. Nailoni inapinda.

Na kamba ya kuvutia kifaru, ile ya chuma inayolazwa ubavuni, hapa Tanga tuna bahati ambayo Mzungu wa video hana. Mkonge. Nyuzi mbili unazisokota, zikikaa zinafanana na kamba ya waya kabisa, na unene ndio wenyewe kwa 1/72. Nyuzi tatu ni nene mno. Mwanzo nilizipitisha kwenye nta ya mshumaa ili vinywele vilale, ikawa kosa, rangi ikagoma kushika. Sasa naweka gundi nyeupe iliyozimuliwa, navuta kati ya vidole, naacha inyooke na jiwe limening'inia chini. Kisha nyeusi, kisha penseli.

Mlinzi wa Zamu

Kwa nini msicheze vita vya hapa hapa Tanga, Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani? Mnaenda Kagera mbali kote huko.

Mkonge Mweupe

Vita ile ina nyuki tu waliowauma askari, haina vifaru. Binti Chumbageni akubali kupaka rangi nyuki wa 1/72 nitaandaa meza.

Binti Chumbageni

Sikubali.

Mkonge Mweupe

Picha hizo hapo, vifaru vitano, vitatu Type 59 na viwili T-55 vya Walibya. Meza ni Lukaya, Uganda, Machi 1979, barabara inapita katikati ya bwawa la mafunjo. Mafunjo ni nywele za ufagio.

Vumbi ndiyo sehemu ninayojivunia. Udongo mwekundu nimeutoa Muheza, nikautwanga kwenye kinu, nikauchekecha kwa chujio la chai halafu kwa kipande cha kanga, ukawa kama poda ya mtoto. Ule mweupe ni wa Amboni, unga wa mawe ya chokaa. Na mweusi ni masizi ya jiko na udongo wa bondeni. Nimeanza na tope jeusi kwa chini, juu yake jekundu, na mbele nimepuliza weupe kidogo kuleta mvuto. Tope ni udongo na gundi nyeupe na maji. Vumbi kavu nalishikisha kwa vanishi iliyozimuliwa sana, na mkumbuke vanishi inalikoleza, kwa hiyo weka lililopauka kuliko unalotaka.

Jicho la Pweza

Aisee. Hiyo ya pili kutoka kushoto ningedhani ni picha ya kweli.

Fundi Sprei

Kazi safi. Hapo kwenye kichwa kuna mchirizi wa rangi, lakini ni mimi tu nauona, ugonjwa wa kazi.

Dereva Mstaafu

Salaam. Anayeandika ni mjukuu wangu, mimi namwambia. Nimeonyeshwa picha hizi.

Nilikuwa huko, dereva wa lori la mizigo. Sikuwa mtu wa vifaru. Vifaru nilivijua kwa nyuma tu, mwanangu, maana ndiko nilikokuwa miezi ile yote, nyuma yao. Kwa hiyo mbele sitasema mengi, ila nyuma umekosea.

Moshi hutoka ubavu wa kushoto, nyuma, juu ya madigadi. Wewe masizi umeyaweka pande zote mbili sawasawa. Kulia pasafishe. Kushoto ongeza, na yaende mpaka kwenye mapipa.

Mapipa ya mafuta ya nyuma umeyaweka mapya. Pipa linajazwa na watu wenye haraka, mafuta yanamwagika, vumbi linashika pale, panakuwa peusi panapong'aa. Na gogo liko wapi? Kila kifaru kinabeba gogo nyuma. Kikizama kwenye tope ndilo linalofungwa kwenye minyororo kikapanda juu yake. Vyako vikizama vitabaki huko huko.

Tena tope lako umelipanga kichwa chini. Tumetoka Kagera, udongo mwekundu. Tumevuka Mutukula, mwekundu. Kwenye bwawa la Lukaya ndiko tukakuta jeusi, na mvua zimeanza. Sasa jeusi limetanguliaje kuwa chini? Kifaru chako kimetoka wapi kwenda wapi?

Na hilo vumbi jeupe la Amboni limefikaje Uganda?

Baharia wa Kaole

Shikamoo mzee wangu. Hapo mwisho nimecheka peke yangu kama mwehu.

Mkonge Mweupe

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu, nimenyamaza.

Ni kweli. Mimi nilipanga rangi kwa kuangalia uzuri, nyekundu juu ya nyeusi inapendeza kwenye picha. Sikufikiria kifaru kimepita wapi kwanza. Weupe nimeuondoa sasa hivi kwa brashi yenye maji, mwingine umegoma. Masizi ya kulia nimefunika na kijani.

Kwa tope nimefanya hivi. Type 59 zote tatu nimezirudishia jekundu kila mahali chini, mpaka nusu ya ubavu, kavu, lililopauka. Kisha jeusi bichi kwenye minyororo, magurudumu, na ule mnyunyizo wa nyuma tu, na hilo nimelimalizia kwa vanishi ya kung'aa kidogo ili lionekane halijakauka. Walibya nimewatoa jekundu kabisa. Wao waliteremka kutoka upande wa kaskazini, hawajaiona Kagera.

Magogo ni vijiti vya mwarobaini wa uani kwetu. Ganda lake limepasuka pasuka, kwa ukubwa huu ni gogo lenyewe. Nimeyafunga kwa mkonge.

Mzee, ikiwa si usumbufu, watu walibeba nini juu ya vifaru? Nimeweka turubai na madumu tu.

Dereva Mstaafu

Marahaba.

Sufuria. Hiyo ndiyo ya kwanza. Ndoo. Matawi ya migomba ya kujificha, asubuhi mabichi, jioni makavu, yako umeyaweka yote mabichi. Mikeka. Buti zimefungwa kamba zinakaushwa. Na watu, watu wanapanda juu, kwa hiyo pale wanapokanyaga tope halikai, rangi inalika mpaka chuma.

Binti Chumbageni

Mgomba nautengeneza kwa karatasi ya kufungia soksi mpya, ile laini. Unakata jani, unalikunja katikati kwa ukucha, unalichana kingo kwa wembe. Mabichi na makavu nitaleta Jumapili, dazeni mbili.

Jicho la Pweza

Na vichwa vya vifaru havidondoki mkivisogeza? Changu kikigeuzwa tu kinaanguka.

Mkonge Mweupe

Sumaku. Spika za masikioni zilizokufa zina sumaku ndogo ya mviringo ndani, moja kichwani, moja mwilini, gundi, basi. Ila jaribu pande kabla ya kubandika. Nilibandika moja kinyume, kila nikiweka kichwa kinaruka kama panzi. Ukishamaliza, modeli za mchezo zinataka vanishi mbili: ya kung'aa chini kwa ugumu, isiyong'aa juu kwa sura. Zinashikwa na mikono yenye jasho na mafuta ya bajia, si za kabatini.

Dereva Mstaafu

Babu anasema nimwonyeshe tena picha kubwa ya kile cha katikati, upande wa mbele.

Anasema: mbele nilisema sitasema mengi, lakini mimi ni dereva. Hapo chini kushoto ndipo anapokaa dereva. Hivyo vioo vyake viwili vidogo umevijaza tope sawa na sehemu nyingine. Dereva gani huyo? Gari zima laweza kuwa tope mpaka juu, kioo hakiachwi. Kila mkisimama, kabla hujakojoa, unafuta kioo. Unafuta kwa kiganja, kwa shati, kwa chochote. Hata taa inaweza kusubiri.

Mkonge Mweupe

Nimefuta.

Kijiti cha meno, ncha nimeilowesha kwa mate, vioo viwili kila kifaru. Kila kimoja ni kidogo kuliko punje ya mtama. Nimeacha na alama ya kiganja juu yake, mfuto mmoja wa kwenda kulia, tope limesukumwa pembeni. Vya Walibya nimevifuta pia, nao walikuwa na madereva. Halafu nimetia tone la vanishi ya kung'aa, vikakauka, nikavigeuza dirishani.

Picha nimeweka hapo juu, ya tatu.

Dereva Mstaafu

Ameiona. Amesema sawa.

Anauliza Jumapili mnaanza saa ngapi.

Mkonge Mweupe

Saa tisa alasiri, mzee, baada ya sala ya adhuhuri na chakula. Nitamtuma kijana mwenye bajaji amfuate. Kiti cha kivulini tutamwekea, upande wa nyuma ya vifaru.